Alama ya Vema Mbele ya Faili 212

3 Machi

Kwa Daktari Mkuu,
Wodi ya Majeruhi wa Kichwa

Bwana Daktari,

Hunijui, na ningekuwa na bahati hata mimi nisingekujua. Mimi ni mshona sare za shule. Jana nilikuja hospitalini kwako kuchukua cheti cha kifo cha mdogo wangu, nikaambiwa nisubiri koridoni kwa sababu mwenye mhuri amekwenda kunywa chai. Nikasubiri. Ukutani pale kuna bango kubwa, limetiwa kioo kama picha ya harusi, na juu yake ni wewe, umekunja mikono, unatabasamu. "Fomu yetu hutabiri sawasawa wagonjwa tisa kati ya kumi." Chini ni namba za mafaili. Kushoto mlichotabiri, kulia kilichotokea, na mwisho alama ya vema ya kijani, kama ya mwalimu wa hesabu.

Namba ya mdogo wangu ni 212. Mlitabiri: atakufa, asilimia tisini na tatu. Kilichotokea: alikufa. Vema.

Umejipa vema, Daktari! Kifo cha mdogo wangu kwako ni swali ulilolipata.

Basi nikuambie ulichokosa. Mdogo wangu alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Hata radi hakuisikia. Mtaani walimwita Kimya, na kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Nusu ya maduka ya mji huu yana mkono wake juu ya mlango. Siku aliyoanguka alikuwa juu ya ngazi anamalizia herufi ya mwisho ya duka la vitasa. Gari la mizigo likarudi kinyumenyume. Dereva alipiga honi, akapiga wee, na huko polisi ameapa kwamba alipiga. Akadhani inatosha.

Na nyinyi mlimfanyia vilevile. Nimesoma karatasi iliyobanwa nyuma ya cheti: "Haitikii sauti. Hafuati amri. Hatamki neno." Kiziwi! Mmemtahini kiziwi kwa kumpigia kelele masikioni, akafeli, mkampokonya mashine ya kupumulia.

Nasikia tarehe 20 Mei jopo linakaa ukumbini kwenu kuamua kama fomu hiyo ipelekwe kila hospitali. Nataka kabla ya siku hiyo ile alama ya vema ifutwe. Sitaki pole, sitaki soda ofisini kwako. Ifute. Usipoifuta nitakuvua nguo mbele ya jopo zima, nami kazi ya nguo naijua.

Dada yake faili 212


11 Machi

Mama mpendwa,

Barua yako imenifikia. Kwa niaba ya wodi nzima nakupa pole kwa msiba.

Naomba nikueleze kwa utulivu. Fomu haimhukumu mtu kwa jambo moja. Inachukua umri, picha ya kichwa, mboni za macho kama zinaitikia mwanga, kama mgonjwa anafumbua macho, anasema, anafuata amri. Vyote hujumlishwa, na jumla hutuambia nani ana nafasi ya kuamka na nani hana. Mdogo wako aliletwa na damu imevilia ndani ya fuvu, na uso umevimba hata macho hayafunguki. Hata tungejua habari ya masikio, sidhani kama matokeo yangekuwa tofauti sana.

Nimelisoma faili lake upya, ukurasa kwa ukurasa. Sikuona dalili yoyote kwamba alijaribu kuwasiliana. Siku ya tatu niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Vidole vya mkono wa kulia vinachezacheza bila maana. Gumba linagusa kidole cha mwisho mara mbili, linapumzika, linarudia." Mambo hayo huonekana kwa ubongo ulioumia, wala si mazungumzo.

Kuhusu alama, kumbukumbu za utafiti hazibadilishwi kwa maombi ya jamaa. Natumaini utanielewa.

Wako katika huduma,
Daktari Mkuu


15 Machi

Daktari,

Mimi si mama yako. Sijazaa, na ningezaa, nisingezaa wewe.

Gumba kwenye kidole cha mwisho, mara mbili. Unajua hiyo ni nini? Ni mimi.

Kidole changu cha mwisho kimepinda tangu utotoni, nilibanwa na mlango. Tulilala kitanda kimoja, mimi na Kimya, na taa ikizimwa alikuwa analia, maana gizani haoni na kusikia hasikii, dunia yote inamtoka. Nikawa nampa kiganja changu, tunaongea humo. Jina alilonipa lilikuwa hilo: gumba lake kwenye kidole chake cha mwisho, mara mbili. Yule mwenye kidole kilichopinda. Dada.

Alikuwa ananiita! Uso umevimba, haoni, hasikii, hajui yuko wapi, kuna bomba kooni, na bado alikuwa na akili ya kuniita, akapumzika, akaniita tena. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo, nyuma ya kioo, kwa sababu kwenu ndugu hawaingii chumba cha mahututi. Ndugu wanachungulia robo saa, wanaambiwa basi. Na wewe ulisimama kando ya kitanda chake, ukamtazama akiita dada yake, ukachomoa kalamu mfukoni, ukaandika: bila maana.

Nakuchukia, Daktari. Nakuandikia hivyo ili usije ukadhani nimekasirika tu na itapita.

Juzi nilitaka alama ifutwe. Leo nataka ufutwe na wewe. Na unijibu swali moja: kwa nini mkono wa kulia peke yake? Kimya alikuwa anaongea kwa mikono miwili, na akianza ubishi hata viwiko vilikuwa vinasema. Mkono wa kushoto ulikuwa wapi?

Dada


2 Aprili

Dada yangu,

Mimi ni sista wa wodi ya majeruhi wa kichwa. Jina langu naomba ulisamehe, nina watoto wanaokula kwa kazi hii.

Daktari hatakujibu lile swali la mkono. Barua yako alitusomea asubuhi wakati wa kupokezana zamu, yote, mpaka pale unaposema unamchukia. Akaikunja akaitia mfukoni. Siku hiyo alisahau hata kutugawia kazi, tukajigawia wenyewe.

Mkono wa kushoto niliufunga mimi. Siku ya pili alikuwa anarusha mikono, tukaogopa atachomoa bomba. Kwenye faili tukaandika "ana fujo". Tulimfunga vifundo vya mikono yote miwili kwenye vyuma vya kitanda kwa bandeji, na ule wa kushoto nikauzungushia mpaka vidoleni, kwa sababu ndio uliokuwa msumbufu zaidi. Wa kulia vidole vilibaki nje. Ndivyo alivyoviona Daktari. Aliniuliza, "Sista, hivi vinafanya nini?" Nikamjibu, "Vinacheza tu, Daktari." Akaandika.

Kumbe tulimfunga mtu mdomo.

Kuna jambo jingine hukuambiwa. Fomu ilipotoa tisini na tatu, siku ya tano mchana waliondoa mashine, kitanda akapewa mwingine. Tuliambiwa atakuwa ameondoka kabla ya chai ya saa kumi. Alikaa siku sita, dada. Siku sita wodi ya kawaida, anapumua mwenyewe, na wewe huku ukiambiwa bado yuko mahututi na ndugu hawachungulii tena. Kilichomuua ni kifua. Mgonjwa wa namna ile anatakiwa anyonywe makohozi kila saa, na kule sista ni mmoja kwa watu arobaini. Nilikuwa nashuka kumhudumia nikipata mwanya, na mara nyingi sikupata.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Sista


6 Aprili

Daktari,

Siku sita.

Sikuulizi tena. Nakupa habari.

Kuanzia wiki mbili zilizopita nimehamia kwenye benchi lako la koridoni, chini ya bango. Nakuja na kazi yangu, napindia marinda ya sketi, mlinzi amekwishanizoea, ananitunzia mkasi. Watu wanakuja kufuata vyeti, mwenye mhuri amekwenda kunywa chai kama kawaida yake, basi tunaongea. Nawauliza namba ya faili. Kisha tunainua macho pamoja, tunaitafuta ukutani.

Nimewapata ndugu wa watu kumi na mmoja. Tisa wananiambia neno lilelile: alipewa namba, akaondolewa mashine kwa sababu ya namba, akafa, akatiwa vema. Mzee mmoja alitazama ile vema ya mwanawe akaniuliza, "Kwani alifaulu nini?" Njoo umjibu wewe.

Mimi nguo isipomkaa mtu, nafumua nguo. Wewe unamkata mtu. Halafu unapiga picha umekunja mikono.

Jopo nililiandikia, limenijibu. Nimepewa dakika kumi tarehe 20 Mei. Nitakuja na barua yako, na wale ndugu, na nitawaonyesha jopo kwa kidole changu hiki kilichopinda jinsi mtu anavyomwita dada yake. Sitaki uhamishwe, sitaki upewe onyo. Nataka utoke getini umebeba vitu vyako kwenye boksi, na mimi nimesimama pale natazama.

Dada yake Kimya


19 Aprili

Dada,

Niruhusu nikuite hivyo mara hii moja. Barua hii haitoki ofisini, natumia karatasi yangu.

Nilipoanza kazi hapa tulikuwa na mashine nne. Nani apewe? Aliyepigiwa simu. Simu ikilia, ni mkubwa fulani, ana mpwa wake anakuja. Niliwahi kumwondoa mwanamke aliyekuwa ameanza kukunja vidole vya miguu, nikamweka mtoto wa mkubwa ambaye ubongo wake ulikwisha kufa njiani. Yule mwanamke alikufa kabla sijavua koti. Ndipo nikaitunga fomu. Nilitaka niwe na karatasi ya kumwonyesha mkubwa, nimwambie, mzee, si mimi, ni hesabu. Na ilifanya kazi. Kwa miaka minane, maskini na tajiri walipimwa kwa karatasi moja. Usiniambie hicho ni kitu kidogo.

Juzi, kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo minane, nilikaa nikahesabu jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Fomu imewatabiria kifo watu sitini na mmoja. Hamsini na wanane walikufa. Kati ya hao, arobaini na wanne niliwaondoa mashine mimi, kwa sababu fomu ilisema watakufa. Nimekuwa kama mtu anayetabiri mtungi utavunjika, kisha anauachia. Labda wengi wao wangekufa vyovyote. Labda. Sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo siwezi kufuta 212 peke yake. Nikiifuta, nimefuta arobaini na nne. Nikifuta arobaini na nne, fomu imekufa, na simu zitaanza kulia upya. Nakuomba usije tarehe 20. Nakuomba kama binadamu.

Na usipokubali kuombwa, soma karatasi niliyoambatanisha. Ni nakala ya ukurasa wa kupokelea mgonjwa. Swali la saba: "Mgonjwa ana ulemavu au maradhi ya siku nyingi?" Jibu limeandikwa kwa mwandiko huuhuu wa barua zako, na kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: HANA. Chini kuna saini yako.

Unatulaumu kwamba hatukujua kuwa ni kiziwi. Tulikuuliza. Ulikana.

Karatasi hii ninayo tangu tarehe 9 Machi, niliiona siku ileile nilipolifungua faili. Nilijidanganya kwamba naificha kwa kukuhurumia. Si kweli. Nilikuwa naiwekea siku kama ya leo.

Daktari


23 Aprili

Nimeipata. Na karatasi nimeiona.


22 Mei

Daktari,

Juzi ulikuwepo, uliyaona, lakini uliyaona ukiwa umekaa upande ule. Nakuandikia ya upande huu.

Karatasi yako nilikaa nayo siku ishirini na saba. Tatu za kwanza sikushona hata kifungo. Nilikumbuka kila kitu: dirisha la mapokezi, karani amechoka, kalamu imefungwa kwa uzi. Nilipofika swali la saba damu ilinipanda. Maisha yangu yote nimegombana na watu kwa neno hilo. Mwalimu aliyemkataa Kimya shuleni nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mwenye nyumba aliyesema hapangishi wagonjwa, nilimmwagia ndoo yake ya maji mlangoni. Kwetu Kimya hakuwa na ulemavu. Alikuwa na kazi, alikuwa na wateja, alikuwa na ubishi usiokwisha. Ndiyo maana nikaandika HANA. Niliandika kwa fahari, Daktari, ndiyo maana karatasi ilitoboka.

Nilidhani wataona. Nani akae na Kimya dakika tano asione? Sikujua kwamba kwenu kumwona mtu na kumjaza kwenye fomu ni kazi mbili, na mnafanya moja.

Nikuambie na lililonijia baadaye, usije ukanidhania malaika. Niliwaza kusema kwamba umeghushi. Ningesema ni mwandiko wa kuigwa, daktari anajiokoa, na ukumbi mzima ungeniamini, maana nani angekuamini wewe? Nililala na wazo hilo kama wiki. Lilikuwa tamu. Nilikuwa nakuona getini na boksi lako, unaapa, hakuna anayekusikiliza.

Kisha nikawaza kwamba huko getini ningekuwa nimesimama mimi, mwenye ile saini. Watu waliomuua Kimya bila kumsikiliza ni wengi, na mmoja wao namwona kila nikichana nywele. Nikikulipiza wewe peke yako, huyo atabaki ananitazama.

Ndiyo maana nilianza na karatasi yangu. Nilimwona mwenyekiti wa jopo anapekua mafaili yake, hakuitarajia. Nilimwona na sista wako pale nyuma anajifuta machozi kwa kofia. Nikaisoma, nikasema, huyu ni mimi, na sasa sikilizeni ya kwake. Nikasoma zako zote, hata ile ya kuniomba kama binadamu. Nikawaonyesha kidole. Halafu ukasimama. Hukuitwa. Ukasema arobaini na nne, ukasema ni wewe na si hesabu, ukatoka koridoni, ukarudi umekumbatia bango, kioo na vyote, ukalilaza mezani kifudifudi. Ningependa kukuambia kwamba moyo uliniuma kukuona hivyo. Nilifurahi.

Wakasema fomu haiendi popote. Wakaniuliza mimi, mfiwa, kama nataka ufukuzwe. Nikasema hapana, nikaona unainua kichwa, na nadhani ulielewa vibaya. Sijakusamehe. Ukifukuzwa utakwenda nyumbani, utakaa kwenye kiti chako, watu watakuja kukupa pole, na mwisho utaanza kujihurumia. Usingizi utakuja. Sitaki uje.

Nataka ubaki palepale. Ndicho nilichowaambia mlipotoka kunywa chai, na wamekubali, na barua rasmi utaipata. Kila atakayeletwa wodini kwako, ndugu yake ataingia mpaka kitandani, amshike mkono. Na kabla hujaandika namba yoyote utamuuliza huyo ndugu, kwa kinywa chako, si karani, si sista: "Huyu huongea nanyi vipi?" Utasubiri ajibu mpaka mwisho, hata akiwa anazunguka, hata akiwa analia. Leo, kesho, mwakani, mpaka ustaafu. Mkubwa akipiga simu, utamuuliza na yeye. Kila ukiuliza utamwona nani, wewe unajua.

Wakasema ni nani atakayehakikisha kwamba anauliza. Nikasema mimi. Lile dirisha la mapokezi linafungwa, inawekwa meza ndani, karibu na mlango wa mahututi, na mwenye kukaa mezani atawapokea ndugu. Sare za shule nitashona jioni. Wewe utauliza swali ambalo hukuniuliza, nami nitakuwa nasikiliza watu wakilijibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi, mara ngapi kwa siku sijui. Hiyo ni adhabu yako na yangu, na sikupata iliyo kali zaidi.

Naanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Usinipe mkono, usiniulize nimeamkaje. Akiletwa mtu, uliza.

Dada yake Kimya